Bitana ya Pikapu Isiwe Kifuniko cha Kutu



Limezuka baina yetu jambo ambalo kwa sura ni dogo, lakini kwa gharama si dogo hata kidogo. Wako wenzetu wanaotaka chama kiagize bitana za plastiki ngumu kwa pikapu zote za wanachama, kila gari yake moja, na fedha zikatwe kidogo kidogo katika mauzo ya karafuu. Shauri hilo litaletwa mbele ya mkutano, na kila mmoja atatakiwa anyanyue mkono, ama kukubali ama kukataa. Kabla ya siku hiyo kufika twaona yafaa tuseme maoni yetu waziwazi, kwa sababu fedha zikishatoka, majuto hayarudishi hata shilingi moja.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Bitana tunayoisema hapa ni kile kinachotiwa ndani ya bodi ya nyuma ya pikapu ili mzigo usikwaruze rangi wala usitoboe bati, kama fundi cherahani anavyotia bitana ndani ya koti ili kitambaa kisichakae upesi. Wengine huiita zulia, wengine kitandiko. Jina si kitu. Kazi yake ni kukaa baina ya mzigo na chuma.

Hatukatai kwamba bodi yataka kuhifadhiwa. Pikapu kwa mkulima wa leo ndiyo inayotoa karafuu mbichi shambani, ndiyo inayopeleka karafuu kavu kituoni, ndiyo inayochukua mgonjwa usiku, na msimu ukimalizika ndiyo inayobeba saruji, mchanga na mbao za kujengea. Bati la bodi likioza, mwenye gari amebakiwa na injini ya kutembelea tu. Tunalolikataa ni kuagiza kitu kimoja kwa watu wote kabla ya kuulizana kila gari inabeba nini na inalala wapi.

TULIYOYAONA GANAKO

Hoja kubwa ya wenzetu ni hii: "Tazameni watu wa bara. Kule Karatu njia za mashamba ni mbaya kuliko zetu, mizigo ni mizito kuliko yetu, na pikapu zao zimetiwa plastiki na zinadumu." Kutazama wengine si vibaya, ila yataka mtu atazame kweli. Baadhi yetu tunaoandika hapa huenda Karatu kwa biashara ya vitunguu na maharage, na safari hii tulikaa Ganako, kata iliyo jirani na mji wa Karatu katika Mkoa wa Arusha, tukawauliza wenye magari mambo haya kwa utaratibu.

Kwa wasiopajua, Karatu iko nyanda za juu, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, katika njia itokayo Arusha kwenda Kreta ya Ngorongoro. Barabara kuu wanayopita watalii ina lami, lakini ukiiacha ukaingia mashambani unakutana na udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi ni vumbi laini kama unga, na wakati wa mvua ni tope linalonata. Wenyeji, na wengi wao ni Wairaqw, hulima mahindi, ngano, maharage na mbaazi. Miteremko iliyo karibu na msitu wa Ngorongoro ina mashamba ya kahawa, na kule bondeni Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, ndiko vinakotoka vitunguu vingi tunavyovinunua. Basi pikapu ya Ganako leo hubeba vitunguu, kesho mawe ya msingi, na keshokutwa mbuzi wa mnadani.

Tulitazama bodi za magari hayo moja moja, na hatukuona bitana ya namna moja. Wabeba mawe na matofali wametia bamba la chuma lenye vinundu, au mbao nene. Wabeba vitunguu na maharage wametandika mpira mzito, na juu yake turubai. Plastiki ngumu tuliiona, ni kweli, lakini aghalabu katika magari yanayobeba mizigo myepesi ya maduka na ya nyumba za wageni. Kwa hiyo khabari tuliyoletewa ilikuwa nusu ya kweli. Watu wa Ganako wanatia bitana, lakini kila mmoja ametia ya mzigo wake.

Tulimwendea mzee mmoja aliyeendesha gari miaka mingi, tukampa shikamoo yake, tukamwuliza ipi iliyo bora. Alijibu: "Wanangu, siwezi kuwajibu mpaka mniambie kwenu mnabeba nini, na mvua ikinyesha gari inalala wapi." Tulipomwambia kwamba tunabeba karafuu na gari zinalala hatua chache kutoka baharini, alicheka, akasema: "Basi mimi na nyinyi hatuugui ugonjwa mmoja. Dawa yangu mnaitakia nini?" Hata hivyo alituonyesha desturi yake. Bitana yake ni mpira. Kila akimaliza kazi ya tope huuinua, hufagia udongo uliojificha chini, na huacha bodi ipigwe na upepo mpaka ikauke. Jirani zake wawili wenye plastiki walituambia kwamba hawajaiinua tangu siku ya kutiwa.

CHUMVI YETU

Hapa ndipo sisi na Ganako tunapoachana njia. Kutu yataka vitu viwili, maji na hewa. Ikipata na chumvi, kazi yake huenda mbio, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na kuushikilia, na maji ya chumvi hula chuma upesi kuliko maji ya mvua. Ganako hawana upepo wa bahari. Wana miezi mingi ya ukavu, na bodi iliyolowa asubuhi mchana imekwisha kauka. Sisi tuna bahari pande zote. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na msimu mkubwa wa karafuu aghalabu hukutana na mvua za vuli. Tena gari zetu nyingi zimevuka bahari juu ya meli, na wakati mwingine zimerushiwa maji ya mawimbi.

Sasa tuifikiri plastiki ngumu ya kutumbukizwa. Ni sanduku jeusi lililofinyangwa kwa sura ya bodi, likawekwa ndani na kufungwa kwa bolti. Haishikamani na chuma. Baina yake na bati pana nafasi nyembamba. Maji huingia kupitia ukingoni na katika matundu ya bolti, na huingia pamoja na mchanga na vumbi. Yakishaingia hayana njia nzuri ya kutoka, na jua halifiki kuyakausha. Mchanga ule hukaa kama sponji iliyolowa. Gari ikienda, plastiki hutikisika juu ya mchanga, na mchanga hufanya kazi ya msasa juu ya rangi. Rangi ikiisha, maji ya chumvi yamepata chuma kitupu, na mwenye gari haoni kitu, kwa sababu kwa juu bitana yake ingali nyeusi na nzuri. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tunaye mwenzetu mmoja ambaye hatutamtaja, aliyenunua pikapu iliyotumika ikiwa na bitana ya plastiki ndani. Alipenda sana jinsi bodi ilivyoonekana safi. Baada ya misimu mitatu bolti moja ilichomoka na sehemu ya bati, ndipo alipoiinua plastiki, akaiona ardhi chini ya gari kupitia sakafu ya bodi. Fundi alimwambia kwamba kutu ile haikuanza mwaka ule, ila ilikuja nayo. Magari haya tunayoyapata kutoka Japani na Thailand mengine yametoka mikoa ya baridi ya Japani ambako hutiwa chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na mengine yamefanya kazi pwani. Kwa hiyo anayenunua gari yenye bitana na amwambie muuzaji aiinue kwanza. Muuzaji akikataa, mnunuzi amekwisha pata jibu lake.

Wazee wetu wa baharini walilijua jambo hili kabla ya motokaa kufika visiwani. Nahodha hagongelei misumari mbao za juu ya ngama asiweze kuzing'oa. Anajua kwamba chombo chochote huingiza maji, na kwamba maji yasiyofikiwa hayafuliki. Kwa hiyo mbao zile huwekwa ili ziinuliwe, mtu ashuke na kata yake afue. Bodi ya pikapu kisiwani ni ngama vile vile. Chochote tunachotia juu yake, la kwanza la kuuliza ni hili: je, nitaweza kukiinua kwa mikono yangu, mara kwa mara, bila ya kwenda kwa fundi?

KARAFUU HAIPENDI JIRANI MBAYA

La pili ni mzigo wenyewe. Sisi si wabeba mawe. Mali yetu huhukumiwa kwa macho, kwa pua na kwa ukavu wake. Karafuu mbichi ina maji mengi. Ikikauka hubaki kiasi cha thuluthi ya uzito wake. Ikirundikwa mbichi mahali pasipopita hewa hupata joto, ikachacha, ikapauka na kusinyaa, na hapo hata ikianikwa jua la siku kumi hairudi kuwa daraja la kwanza. Plastiki nyeusi iliyokaa juani huwa na joto kali. Mtu akimimina karafuu mbichi ndani yake, akafunika turubai, kisha akasimama kituo cha chai kwa saa mbili, amekwisha kuipika kabla hajaichambua.

Karafuu kavu nayo hunywa unyevu na hunywa harufu. Twajua sote kwamba gunia lililokaa karibu na dizeli, samaki au mbolea huitoa karafuu na harufu isiyokuwa yake. Plastiki ya namna inayotumika kwa bitana hizi, nayo ni poliethilini, ina tabia ya kunyonya mafuta na harufu zake. Dizeli iliyomwagika juu ya plastiki haiishi kwa kufutwa kwa tambara. Ubao nao hunyonya, na zaidi. Mpira pia una harufu yake mwenyewe, khasa ukiwa mpya. Kwa hiyo hapana bitana hata moja iliyo safi kiasi cha kumiminiwa karafuu juu yake.

Tena karafuu ina mafuta yake, ambayo sehemu yake kubwa ni kitu kinachoitwa eujenoli. Mafuta hayo ni makali. Huyeyusha baadhi ya plastiki, mathalan ile polistirini ya vikombe vyepesi na masanduku meupe, na yakikutana na chuma kitupu hubadilika rangi na kuwa meusi. Poliethilini huyastahimili zaidi, lakini ni vyema tukumbuke kwamba mali tunayoibeba si mchele. Anayebeba makonyo kwenda kiwanda cha Wawi, Chake Chake, na ajue vile vile kwamba makonyo yaliyolala juu ya kutu na mafuta machafu si makonyo mazuri ya kukamua.

Sheria yetu ya zamani basi ingali nzuri: karafuu ndani ya gunia safi, gunia juu ya jamvi au turubai safi, na turubai hilo lisitumike kwa kitu kingine. Bitana huhifadhi gari. Jamvi huhifadhi karafuu. Tusikitake kitu kimoja kifanye kazi zote mbili.

NAMNA ZA BITANA, NA MAONI YETU JUU YA KILA MOJA

Ya kwanza ni hiyo plastiki ngumu ya kutumbukizwa. Uzuri wake ni kwamba huhifadhi sakafu na mbavu zote za bodi, hustahimili mapigo, na huweza kutiwa kwa siku moja. Ubaya wake tumekwisha kuueleza, na kuna mwingine. Huteleza. Gunia likiteleza hupiga mlango wa nyuma na kuuharibu. Wachumaji wetu nao hupanda nyuma asubuhi na jioni, miguu imelowa umande, na sakafu laini ya plastiki katika njia ya milima ya Pemba si mahali pa kumkalisha mtu. Gunia linaweza kununuliwa jingine.

Ya pili ni bitana ya kupulizwa, ambayo fundi huipuliza kwa mashine kama rangi nzito, nayo hukauka ikawa ngozi ngumu yenye unene wa milimita 2 au 3 hivi. Ni ya jamii ya poliyurethani na poliyurea. Hii hushika chuma chenyewe, haina nafasi chini yake, wala haitelezi sana. Kwa gari mpya ni nzuri kuliko zote. Lakini yataka fundi mwaminifu. Bodi lazima isuguliwe, isafishwe mafuta, na ikauke kabisa. Ikipulizwa juu ya kutu, kutu huendelea kula chini kwa chini na ngozi ile huambuka vipande vipande. Kemikali zake, zinazoitwa isosayaneti, hudhuru mapafu wakati wa kupuliza, na fundi asiyekuwa na kifaa cha kuvutia hewa safi usoni asikubaliwe kuifanya, kwa ajili ya nafsi yake. Na ikishatiwa, haing'oki.

Ya tatu ni mpira. Unaweza kuwa mpira uliotengenezwa kwa kazi hii, au kipande cha mkanda mpana wa mashine za kuchukulia kokoto. Kipande cha mita 1.5 kwa mita 1.5, chenye unene wa milimita 10, kina uzito wa kilo 30 hivi, na watu wawili hukiinua bila ya taabu. Hautelezi, hunyamazisha kelele, na mapigo ya mawe huyameza. Hauhifadhi mbavu za bodi, hilo ni kweli, na maji huingia chini yake kama yanavyoingia chini ya plastiki. Tofauti ni kwamba huufungui kwa spana. Unaukunja, unaosha, unakausha, unaurudisha.

Ya nne ni mbao, au ubao wa plai. Plai ya milimita 12 kwa ukubwa ule ule haizidi kilo 20 ikiwa kavu. Visiwani hatuna haja ya kufundishwa ubao: gari zetu za mbao zimebeba watu na mizigo miaka na miaka, na kila mtu ameona jinsi fundi anavyotoa ubao mmoja uliooza na kutia mwingine, gari ikaendelea na kazi. Kwa kubeba mchanga, mawe na matofali ubao ni mzuri na rahisi. Lakini hunywa maji na mafuta, na usipoinuliwa hukaa juu ya chuma kama kitambaa kibichi. Afadhali mbao nyembamba zenye nafasi baina yake, zilizogongelewa vipande vya kuzinyanyua kidogo, ili hewa ipite.

Ya tano ni bamba la chuma au la alumini. Bamba la chuma la milimita 3, kwa ukubwa tuliousema, lina uzito wa zaidi ya kilo 50, nazo ni kilo 50 za karafuu ambazo gari haitabeba tena katika kila safari. Alumini ni nyepesi, lakini ikifungwa moja kwa moja juu ya chuma penye maji ya chumvi, madini hayo mawili hugombana na moja huliwa. Kwa wabeba mawe wa Ganako bamba ni sawa. Kwetu twaliona ni gharama ya bure.

HOJA ZA WENZETU

Tungekuwa hatutendi haki kama hatungezitaja hoja za wanaotaka plastiki. Wanasema kwanza kwamba kununua nyingi kwa pamoja hupunguza bei. Ni kweli, na chama ndiyo kazi yake. Lakini punguzo la bei ni faida kwa kitu unachokihitaji tu; hata mpira hununuliwa kwa gombo zima, ukakatwa kwa kila gari kipimo chake, na bei ikapungua vile vile. Tena bitana ya plastiki hufinyangwa kwa sura ya gari moja maalum, na pikapu za wanachama ni za miaka mbalimbali na bodi za urefu mbalimbali. Isiyokaa vyema ndiyo inayotikisika, na inayotikisika ndiyo inayokwaruza.

Wanasema pili kwamba wanachama ni wavivu, na mpira wa kuinuliwa kila wiki hautainuliwa. Hoja hii ina uzito, wala hatuwezi kuipuuza. Lakini jawabu ya uvivu si kununua kitu kinachoadhibu uvivu zaidi. Mpira usioinuliwa utakula bodi. Plastiki isiyoinuliwa nayo itakula bodi, na mwenyewe hatajua mpaka mwisho. Ikiwa tunajijua kuwa wavivu, tuweke siku ya chama, kama tulivyozoea kuweka siku za kusafisha barabara za mashamba.

Wanasema tatu kwamba wabeba mawe ya matumbawe miongoni mwetu hupasua mbavu za bodi, na mpira hausaidii mbavu. Katika hili wamesema kweli tupu. Mwanachama ambaye gari yake ni kazi ya mawe zaidi kuliko karafuu, na rangi ya bodi yake ingali nzima, plastiki inaweza kumfaa, kwa sharti tatu. Matundu ya bolti yapakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa. Matundu ya chini ya kutolea maji yasizibwe. Na bitana ifunguliwe isipungue mara mbili kwa mwaka, mara moja kabla ya masika na mara moja baada ya msimu, bodi ioshwe kwa maji baridi yasiyokuwa na chumvi.

SHAURI LETU

Kwa hayo tuliyoyaeleza, sisi twaomba mkutano usikubali kuagiza plastiki kwa gari zote. Badala yake twatoa shauri hili, na kila moja laweza kujadiliwa mbali mbali.

Kwanza, chama kiweke siku mbili kabla ya msimu za kusafisha bodi za pikapu. Kila gari iinuliwe bitana yake, yoyote iliyomo. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Fedha za kwanza za chama ziende katika rangi, kwa sababu bitana juu ya kutu ni hasara, na rangi nzuri bila ya bitana ingali ni faida. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, kwa wanaobeba karafuu zaidi ya kitu kingine, chama kinunue mpira kwa pamoja na kuukata kwa kipimo cha kila gari, pamoja na turubai moja la karafuu tu kwa kila mwanachama, lenye alama, lisilowekewa saruji wala samaki.

Tatu, wanaobeba mawe na matofali wachague wenyewe baina ya mbao na plastiki, na chama kiwasaidie kwa mkopo ule ule.

Nne, tufanye majaribio kabla ya kusema neno la mwisho. Tuchukue gari tatu zinazofanya kazi sawa na zinazolala karibu na bahari. Moja itiwe plastiki, moja mpira, moja mbao, zote zikiwa zimepakwa rangi mpya siku moja. Msimu ukiisha ziletwe mbele ya mkutano, bitana ziinuliwe hadharani, na kila mwanachama atazame kwa macho yake. Ikiwa chini ya plastiki patakutwa safi kuliko penginepo, sisi tutakuwa wa kwanza kunyanyua mkono iagizwe.

Tumesikia ikisemwa kwamba majaribio hupoteza wakati. Mkarafuu hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na hapana mkulima kati yetu aliyeng'oa mche kwa sababu haukuzaa mwaka wa kwanza. Kungoja msimu mmoja kwa ajili ya gari ambazo wengine wetu tunazilipia bado si kungoja kwingi.

Lililobaki ni la kila mtu peke yake, wala halihitaji mkutano. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, inua kona moja ya hicho ulichotandika nyuma, utie mkono chini yake. Mkono ukitoka mkavu na safi, mshukuru Mungu uendelee na kazi. Ukitoka na maji ya rangi ya kahawia, basi usingoje kura. Njoo nayo gari siku ya kupaka rangi, na mwenye hoja iliyo kinyume na hii yetu aje nayo mkutanoni tuisikilize.